Vyungu Vilivyopasuka Mwaya

Mwalimu wenu amenisumbua mpaka nimekubali. Anataka niwaandikieni habari za kufinyanga, ninyi watoto wa Ikombe mnaotoka shule na kudai chai iliyochemshwa kwenye sufuria. Haya, kaeni vizuri. Herufi nilifundishwa na wamisionari nilipokuwa msichana, nazo zimepinda kama mgongo wangu, ila zinasomeka kwa mwenye subira.

Nianze na sikio, kwa sababu wengi wenu mnadhani chungu ni kazi ya mikono peke yake. Ukitaka kujua kama chungu kimeiva, kigonge kwa kifundo cha kidole, halafu unyamaze. Kizima kinaitika kwa sauti nyembamba inayochelewa kuondoka. Chenye ufa kinakohoa. Mpaka leo nikiingia jikoni kwa mtu nagonga vyombo vyake bila kujijua, na wake za wajukuu zangu wananicheka. Asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala juu ya ziwa na wale inzi wadogo wa majini wamesimama huko mbali kama moshi, nasikia vyungu vikiitana. Vingine nilivifinyanga zamani sana, na navitambua. Mtasema bibi anaota. Naota kweli, wala sioni haya.

Aliyenifundisha ni Shangazi Bupe, dada yake baba yangu. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mikono mikubwa kuliko ya mwanamume, na hakuwa na maneno mengi. Ulipokosea alikunyang'anya chungu, akakifinya kikawa bonge tena, akakurudishia. Nililia sana juu ya mabonge yale. Siku moja niliona nimekwisha kuwa fundi, nikachoma vyungu vyangu peke yangu mchana, wakati upepo wa kusini, ule mwera, ulikuwa umekwisha kuamka. Moto ulikimbilia upande mmoja. Vya upande huo vilipasuka, vya upande wa pili vilibaki vibichi. Shangazi alicheka mpaka akakaa chini. Alipomaliza kucheka akaniletea kinu na mchi, akaniambia nitwange vigae vyote mpaka viwe unga.

Nilidhani ni adhabu. Kumbe kulikuwa na somo ndani yake. Udongo wetu wa Ikombe ni mpole, hauhitaji msaada mkubwa. Lakini upo udongo mnono, unaoshika vidole na kunywa maji kupita kiasi. Huo ukiufinyanga mtupu utakupa chungu kizuri cha kutazama, kisha utakiona kinapasuka motoni. Dawa yake ni unga wa vigae. Kile kilichokwisha kupita motoni kinaufundisha udongo mbichi kuuvumilia moto. Shangazi alinionyesha kipimo kwa kiganja, nami nikakishika. Kila binti wa mfinyanzi Ikombe alikijua, na ninyi mnaonisoma kishikeni pia, maana sikuja kuwahadithia tu.

Jambo jingine mlijue ni bei. Petu milima imekuja mpaka majini, hakuna pa kulima mtu akashiba. Chungu ndicho shamba letu. Tulivipanga mitumbwini juu ya majani makavu ya migomba, waume zetu wakapiga makafi mpaka Mwaya kwenye mpunga, na bei ya chungu ilikuwa kile kinachoingia ndani yake. Mnunuzi alikijaza mpunga, akaumimina kwenye kikapu chako, ndipo kikawa chake. Watu wa Mwaya walikuwa wajanja, walimwaga mpunga taratibu ulale kwa maringo, chungu kijae upesi. Sisi tulikuwa wajanja zaidi, tulikitikisa. Mabishano yalikuwa makubwa na matamu, na mwisho tuliagana kwa “ndaga fijo,” asante sana ya kwetu, kila mmoja akiamini amempunja mwenzake. Ila chungu hakikuondoka kwa mfinyanzi kabla hakijajazwa. Mtu aliyejaribu kukichukua kitupu alionekana hana malezi.

Pale pale Mwaya, kwenye ufuko wa boma la Wajerumani, ndipo tulipomwona Tuani mara ya kwanza. Alikuwa seremala wa mashua za serikali, mtu mwembamba wa rangi ya mchele wa zamani, na macho yake tulidhani anatucheka kila wakati. Alitoka nchi iitwayo Anamu, ng'ambo ya Bara Hindi, ambako Wafaransa walikuwa wamekaa kama Wajerumani walivyokaa kwetu. Alitoka kwao akiwa mchochea moto kwenye meli ya Wafaransa, akaikimbia ilipotia nanga pwani, akajifunza Kiswahili Tanga, na kazi ikamsukuma bara hadi kwetu. Alikuja Ikombe kununua vyungu vya kuchemshia lami ya kuzibia mashua. Tulimwambia bei yetu. Akatazama chungu, akatazama lami yake, akauliza, “Nijaze lami?” Shangazi akamwambia, “Ukitaka tuile, jaza.” Akarudi na mpunga.

Tangu hapo alikuja mara nyingi, hata asipohitaji chungu. Alikaa mchangani akichonga vijiti vyake viwili vya kulia wali, akatueleza kwamba watu wa Mwaya wanautesa mpunga kwa kuumwaga shambani ovyo, badala ya kuupanda mche mmoja mmoja. Alikuwa akitazama maji kwa muda mrefu. Nadhani alikuwa akiona maji mengine. Nami nilikuwa nikizungusha chungu changu juu ya kigae, udongo ukipanda taratibu kati ya viganja, na maneno yake yakaniingia nusu nimelala.

Alituambia kwamba wanaume wa kwao walifuga nywele, wakazifunga kisogoni kama baba zao walivyofanya. Kisha vijana wakaambiana wazikate, iwe alama kwamba wameanza kufikiri upya. Naye akakata. Baba yake akalia kama amefiwa.

“Nywele tu?” Shangazi akauliza.

“Mama, mtu huanza na kilicho karibu na kichwa.”

Akasema wakafungua shule, wakubwa kwa wadogo, wanawake kwa wanaume, wanafundishana kusoma bila ada. Wafaransa wakaifunga, walimu wakapelekwa kifungoni kisiwani. Wazee wenye elimu wakagawanyika. Wengine walisema uhuru utapatikana kwa silaha, na tumwite jirani mwenye nguvu atusaidie kumtoa Mfaransa. Wengine wakasema ukimwita simba amfukuze chui, simba atafukuzwa na nani? Afadhali kwanza watu wenyewe waamke, wajue kusoma, wajue biashara, waache kumwogopa mwenye cheo. Tuani alizitembea njia zote mbili kichwani mwake kila siku, na alikiri kwamba hajui ipi inafika.

Shangazi alikuwa akisugua mdomo wa mtungi kwa jiwe laini la ziwani. “Na wanawake wa kwenu walisema njia gani?”

Tuani akaacha kuchonga. “Sikuwauliza,” akasema.

“Basi ukirudi, waulize.”

Kisha vita vya Wazungu vikaja. Afisa wa boma tulimwita Bwana Haraka, maana hilo ndilo neno la Kiswahili alilolipenda, na mnajua wenyewe haraka ina baraka gani. Alitaka mitungi ya maji kwa ajili ya askari, mingi, tena upesi. Kungoja mitumbwi yetu aliona ni upuuzi. Basi mashua zake zikaja Ikombe na askari wenye bunduki, wakawachukua kwanza waume zetu, wakijua tutawafuata. Mume wangu Gwakisa alikuwa akishona wavu. Alipelekwa na sindano mkononi.

Mwaya tulikuta wametujengea banda la kufanyia kazi na nyumba ya kulala. Nyuma ya banda, karibu kabisa, kulikuwa na ua wa magogo, na waume zetu ndani yake. Tuliwasikia wakikohoa. Askari mkalimani akatupa neno la bwana wake: siku mitungi mizima itakapotoka motoni, wanaume watarudi kwao kuvua samaki. Isipotoka, watabebeshwa mizigo ya vita. Chakula tutapewa kila siku, tufinyange kikubwa au kidogo, ni kile kile. Na udongo tusiufuate Ikombe, ni mbali, upo hapa hapa.

Udongo wenyewe ulikuwa ule mweusi wa majaruba ya mpunga. Nikauminya kidogo kati ya vidole. Ulikuwa mnono kuliko wowote niliowahi kuushika. Nikawatazama wenzangu, na kila mmoja alikuwa ameuminya wake, na kila mmoja alitazama pembeni. Shangazi Bupe hakutazama udongo. Alikuwa akitazama nguzo za nyumba ya kulala. “Mninga, mti usioliwa na mchwa,” akasema polepole. “Mtu hajengi kwa mninga kwa ajili ya wageni wa kupita.” Akakaa chini akaanza kufinyanga, bila kinu, bila mchi.

Nasi tukaanza, hivyo hivyo.

Wajukuu zangu, hapa ndipo ninapotaka mnisikilize. Hakuna aliyetoa amri. Hatukukutana, hatukuapa, hata kunong'ona hatukunong'ona. Kila mwanamke aliyekuwa pale aliijua dawa, na hakuna aliyeitia. Tulifinyanga mitungi mizuri kuliko yote niliyopata kuiona maishani. Tuliipaka ngeu nyekundu, tukaichora mistari myeupe, tukaikausha kivulini kwa adabu zote. Kisha tukaipanga asubuhi kabla ya upepo, tukaifunika nyasi na magome, tukawasha. Ikaanza kupasuka. Mmoja, kisha mwingine. Sisi tuliimba na kukunja mikono, na moshi ukaelea juu ya majaruba kuelekea ziwani. Ilikuwa kama ndoto ambayo watu wengi wanaiota pamoja, kila mmoja akiogopa kuwa wa kwanza kuamka.

Bwana Haraka alikuja akapiga vigae teke. Akatuita wavivu. Akaamuru tuchome tena. Rundo la vigae likakua nje ya banda, na hilo ndilo lililonitesa. Dawa yenyewe ilikuwa inalala pale miguuni petu, inaongezeka kila tulipochoma, na mume wangu yuko nyuma ya magogo.

Afisa akamwita Tuani, maana ni fundi wa mbali, huenda anajua. Tuani akachutama karibu na rundo. Akaokota kigae, akakisaga kwa kidole gumba, akausugua ule unga. Nikamwona anaelewa. Akatazama kinu cha kutwangia mpunga kilichokuwa pembeni, kikavu, akamtazama Shangazi.

“Mama,” akasema kwa sauti ya chini, “kule kwetu wafinyanzi huwa wana namna yao.”

“Kule kwenu,” Shangazi akajibu.

“Ndiyo, kule kwetu.” Akasimama, akajifuta mikono kwenye suruali, akamwambia afisa, “Ni ardhi hii, bwana. Haina dawa.”

Angegundulika, yule mtu asiye na ndugu hata mmoja upande huu wa bahari, angepigwa viboko hadi afe. Jioni ile aliniambia kwamba tangu aondoke Anamu hajawahi kujiona yuko nyumbani ila leo. Alitabasamu alipokuwa akisema hayo, na machozi yakamtoka. Nami yakanitoka.

Lakini moyo wangu haukuwa jiwe. Nilikuwa nimeolewa juzi juzi tu, na Gwakisa nilimpenda, nasema wazi, hamna haja ya kuchekeana. Habari zilikuja kwamba mizigo imekwisha kufungwa na misafara inaondoka. Nilijiambia mwenyewe mengi. Nilijiambia kwamba Shangazi ni mjane, hana wa kupoteza. Nilijiambia kwamba banda si kaburi, hata wakitubakiza humo maisha. Nikachukua vigae viwili, nikavisaga kati ya mawe wakati wenzangu wanateka maji, nikauchanganya unga ule na udongo mweusi kwa kipimo cha kiganja. Nikafinyanga chungu kimoja, kidogo, cha kujaribia. Nikakificha kati ya mitungi ya wengine.

Asubuhi ya kuchoma, mitungi ikapasuka kama kawaida yake. Tulipofukua majivu, Shangazi akakiona kile kidogo kimekaa, chekundu, kizima. Akakiinua kwa jani la mgomba. Akakigonga.

Kikaitika. Sauti ile nzuri, ndefu, ikazunguka banda zima, na wanawake wote wakaacha walichokuwa wakifanya.

“Cha nani?”

“Changu, Shangazi.”

Nilingoja anikemee. Nilingoja akivunje, kama alivyovunja vyangu vyote tangu utotoni. Akaja akakiweka mapajani mwangu. Kilikuwa bado kina moto.

“Shangazi, niambie nifanye nini.”

“Sikuambii.”

“Nikataze basi!”

“Subilaga,” akasema, na hakuwahi kuniita kwa upole vile, “mume ni wako na chungu ni chako. Nikikukataza, hapa tutakuwa na maafisa wawili. Mimi sitakulaumu, na hawa hawatakulaumu.” Akawatazama wenzangu, nao wakainamisha vichwa kukubali, hata wale ambao waume zao walikuwa ndani ya ua ule ule.

Mnanielewa? Wangenipigia kelele, ningempelekea Bwana Haraka kile chungu kwa hasira. Wangenibembeleza, vilevile. Waliniachia. Nilisikia viatu vya afisa vinakuja juu ya kokoto. Nilimwona Gwakisa amerudi nyumbani anashona wavu wake, nikamwona vizuri kabisa, na pembeni yake ufuko wa Ikombe hauna mtu, hauna moshi, hauna mtoto anayechimba udongo. Sikuweza kuiondoa picha moja nikabaki na nyingine.

Nikakipiga kile chungu juu ya jiwe la kusagia.

Afisa alipoingia alikuta vigae. Alisema maneno mengi ya kwao. Mkalimani akayafupisha: wanawake hawa ni bure kabisa, wanakula chakula cha serikali, warudishwe kwao. Na wanaume wakatolewa uani siku ile ile, wamefungwa kamba, wakaelekea milimani na mizigo. Gwakisa aligeuka mara moja. Hatukuruhusiwa kusemezana. Nilirudi Ikombe nikipiga kafi mwenyewe, na njia nzima nilijichukia.

Niliendelea kufinyanga, maana njaa haingoji huzuni iishe. Waingereza wakaja, Wajerumani wakaondoka. Mwaya watu walicheza ngoma. Nilimkuta Tuani ufukoni akiziba mashua ile ile, kwa lami ile ile, na bwana mpya amesimama nyuma yake. Nikamuuliza mbona hafurahi. Akasema anangoja kwanza aone bwana mpya anajaza chungu au anakichukua kitupu. Haukupita muda akapata nafasi ya kazi kwenye meli ya kwenda kusini, akitumaini huko atapata nyingine ya kumsogeza karibu na kwao. Alikuja kutuaga. Shangazi akamkumbusha lile swali la wanawake. Sijui kama alifika kuliuliza. Siku hizi redio inasema uhuru asubuhi na jioni, nami kila nikilisikia neno hilo nasikia kwanza Kiswahili chake cha Tanga.

Gwakisa alirudi baada ya mpunga kuvunwa mara ya pili. Wengine hawakurudi. Alirudi na bega moja limeshuka, na usingizi mbaya, na hakupenda kusimulia. Nilimpikia samaki, nikamwogesha, nikamwacha akae akitazama maji. Sikuwa na raha. Siku moja, anashona wavu mlangoni, nikaona nikinyamaza zaidi nitaugua.

“Gwakisa. Ule udongo wa Mwaya una dawa. Niliijua tangu siku ya kwanza.”

Hakuinua macho. Akavuta uzi, akaukata kwa meno.

“Mama yangu alikuwa mfinyanzi,” akasema. “Unadhani utotoni nani alikuwa akimtwangia vigae?”

Nikakaa chini.

“Mle uani tulikuwa wana wa wafinyanzi watupu. Kila mmoja wetu angeweza kumwita askari akamwambia. Kila mlipochoma tulisikia vinapasuka. Askari alitudhihaki, eti wake zenu hawajui kazi. Tuliinamisha vichwa asione tunavyocheka.” Akashika tena sindano. “Asubuhi moja tu tulishtuka. Tulisikia kimoja kinaitika, kizima kabisa. Tukadhani mmoja wenu ametuhurumia.”

“Nusura,” nikamwambia.